Maziwa ya Saa Tano

Mama Penina alipiga simu Jumanne jioni kusema kwamba anakuja Jumamosi na kwamba ana neno. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya, kisha akaulizia mvua za Ihumwa, akalalamika kwamba Mlali imenyesha mara mbili tu, akakata. Stanley alibaki ameshika simu sikioni muda mrefu baada ya mama yake kuondoka hewani.

"Mama anasemaje?" Yudith aliuliza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anasonga ugali.

"Anatusalimu."

"Dakika tano zote ni salamu tupu?"

"Anakuja Jumamosi. Ana neno."

Yudith aliacha mwiko ndani ya sufuria. Walikuwa na miaka minne ya ndoa bila mtoto, na kwa miaka hiyo yote Mama Penina alikuwa na neno moja tu, ila lilikuwa likija kwa sura mbalimbali. Lilikuja kama vifurushi vya mizizi kwenye basi la Kongwa, kondakta akiambiwa avikabidhi kwa mke wa Stanley mkononi. Yudith alikwisha kunywa mizizi ya kuchemsha na ya kutafuna, na mmoja wa kutia kwenye uji ambao ulimharisha wiki nzima ya Pasaka. Ilipomzidi alimgawia shoga yake Rukia, mke wa Abdulwahab anayefanya kazi na Stanley, maana Rukia naye alikuwa na mwaka wa tatu anangoja.

"Neno gani? Sema tu, mimi si mtoto mdogo."

Stanley alijikuna shingo. "Baba mdogo alishanidokeza. Ameona binti huko huko Mlali. Wanataka, yaani, kuongeza."

"Kuongeza."

"Ni wao wanaosema, siyo mimi."

"Na wewe unasemaje?"

Stanley alisema ugali unaungua. Na kweli ulikuwa unaungua, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema alidanganya, lakini Yudith hakuugusa.

"Nisikilize vizuri," alisema. "Mimi nimepimwa mara mbili. Damu, mkojo, picha ya tumbo, na nimelazwa chali mbele ya wanafunzi sita wenye makoti meupe. Wameniambia sina kasoro. Wewe hujapimwa hata siku moja. Nenda kabla ya Jumamosi. Usipokwenda, mama yako akiingia mlango huu mimi natoka na begi langu, narudi kwetu Kibakwe. Na nikirudi Kibakwe, Stanley, huku sirudi tena."

"Nikapimwe nini? Mimi mzima. Mwanaume anayekunywa maziwa kila siku atakuwa na ugonjwa gani?"

Yudith aliuinua mwiko, akautazama, akautazama na mume wake, na kwa bahati nzuri ya Stanley akaamua kuurudisha kwenye sufuria.

*

Hayo maziwa yanahitaji maelezo, kwa sababu Stanley alikuwa anayaringia kuliko hata nyumba yake ya vyumba viwili.

Alikuwa mpiga dawa kwenye shamba la zabibu la tajiri mmoja wa mjini. Wapiga dawa walikuwa watano. Walianza saa kumi na mbili alfajiri kabla upepo haujaamka, bomba la lita kumi na sita mgongoni, wakipita kati ya mistari ya mizabibu mpaka saa tano. Dawa ya ukungu wiki hii, ya wadudu wiki ijayo, na wakati mwingine zote mbili kwenye bomba moja ili kuokoa siku. Saa tano waliweka mabomba chini, wakapanga foleni mbele ya stoo, na kila mmoja akapewa nusu lita ya maziwa. Maziwa yanatoa sumu. Hilo kila mtu alilijua, na hakuna aliyekumbuka alilijuaje.

Miaka miwili nyuma, msimamizi wao, Batholomeo, aliwaita akawaambia tajiri ametenga fungu kwa ajili ya afya yao, wachague: glovu, aproni za mpira na mabomba mapya, au maziwa kila siku. Stanley ndiye aliyewasemea wenzake. Alisimama akaeleza kwamba glovu zinatoa jasho na aproni inamchosha mtu, lakini maziwa yanaingia ndani kabisa, yanasafisha. Wenzake wakampigia makofi. Tangu siku hiyo wakamwita Mwenyekiti, na kila saa tano yeye ndiye aliyechotewa wa kwanza.

Bomba lake lilikuwa linavuja. Lilianza kuvuja chini, kwenye kitako, likilowesha ovaroli kuanzia kiunoni mpaka mapajani. Alilifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, likatulia wiki moja, likaanza tena, akalizoea. Kukiwa na joto hata lilimpoza.

Jumatano, kwenye foleni ya maziwa, alimfuata Batholomeo pembeni.

"Kesho naomba ruhusa, bosi. Naenda hospitali."

"Unaumwa nini?"

"Jino."

"Pole sana," alisema Batholomeo, ambaye alikuwa mtu mwema asiye na haraka ya kufikiri. "Na kesho tuna kanda nzima ya mashariki. Basi kunywa maziwa mengi, yanasaidia meno."

Abdulwahab, aliyekuwa nyuma yake na kikombe, alicheka. "Mwenyekiti, unang'oa au unaziba?"

"Wanaangalia kwanza," Stanley alijibu, na masikio yakamwaka moto.

*

Hospitalini alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa sauti ya binti wa maabara. Alikuwa binti mwembamba, mpole wa sura, lakini Mungu alimpa koo la kuitia ng'ombe ng'ambo ya korongo.

"Yule wa mbegu za kiume yuko wapi?"

Benchi zima liligeuka kumtafuta. Stanley naye akageuka, akawatazama wa nyuma yake, kana kwamba hata yeye anashangaa ni nani huyo.

"Stanley! Stanley wa mbegu!"

Ikabidi asimame. Alipewa kikopo chenye kifuniko chekundu na karatasi yenye namba, akaulizwa mbele ya mama mmoja aliyebeba mjukuu amekaa siku ngapi bila kukutana na mke wake. Akasema mbili. Hakusema kwamba mbili hizo ziliamuliwa na mke. Kisha akaonyeshwa choo cha mwisho upande wa kushoto, ambacho komeo lake lilikuwa limeng'oka, akafanya alichotumwa kufanya kwa mkono mmoja huku wa pili umeshikilia mlango. Mara mbili mtu aligonga. Mara ya tatu akauliza kama ndani kuna mgonjwa au fundi. Ilimchukua dakika arobaini, na alipotoka hakumwangalia mtu yeyote usoni hadi mchana.

Daktari alikuwa mwanamke wa Kondoa, Daktari Ikram, mwenye mtandio wa bluu na miwani iliyoteremka puani. Stanley alipoona ni mwanamke alitamani jino liwe kweli.

"Kaa, kaka. Unafanya kazi gani?"

"Shambani. Kwenye zabibu. Napiga dawa."

Kalamu ya daktari ilisimama. "Kwa bomba la mgongoni?"

"Ndiyo."

"Linavuja?"

Stanley alishtuka. Alijiuliza kama amelowa. "Kidogo. Hapa nyuma."

"Miaka mingapi?"

"Mitano."

Daktari Ikram alivua miwani. Alimweleza taratibu, bila kumung'unya maneno, kwamba mbegu zake ni chache mno na nyingi kati ya hizo chache hazitembei. Hawezi kuapa kwamba chanzo ni dawa za shambani peke yake, lakini baadhi ya dawa hizo zinajulikana kwa kuharibu mbegu, na sumu haingojei kumezwa. Inapenya kwenye ngozi, na ngozi ya huko anakolowana kila siku ni nyepesi kuliko ya mkono.

"Lakini nakunywa maziwa, daktari. Nusu lita kila siku. Bila kukosa."

"Maziwa ni chakula kizuri," alisema. "Kunywa. Ila hayaoshi sumu. Ukiweka maziwa tumboni wakati dawa inaingilia mapajani, vitakutana wapi?"

Stanley alifikiri kwa bidii mahali ambapo vingekutana, akakosa.

"Acha kupiga dawa," daktari aliendelea. "Siyo kupunguza, kuacha. Mbegu mpya huchukua kama miezi mitatu kutengenezwa. Rudi baada ya hapo tupime tena. Wapo wanaopona, na wapo wasiopona. Sikudanganyi. Na mkeo aache kufua hizo nguo kwa mikono mitupu."

Stanley aliikunja karatasi ya majibu mara nne. Njia nzima alipanga namna ya kumwambia Yudith, na alipofika nyumbani alimkuta anapepeta karanga. Yudith aliinua uso uliojaa swali moja tu, na Stanley akasema, "Majibu wiki ijayo."

Aliona aibu hapo hapo. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Karatasi akaichomeka ndani ya gambuti lake la kushoto, mahali ambapo kwa akili yake mwanamke hawezi kufika, akasahau ni nani aliyekuwa akiyaosha magambuti yale kila Ijumaa kwa miaka minne.

*

Jumamosi Mama Penina alishuka kwenye basi na kuku wawili, mfuko wa mlenda mkavu, na kifurushi kipya cha mizizi. Alikuwa mama mfupi, mkavu, aliyefuga mbuzi wengi kuliko umri wake, na alisalimia watu kwa kuwakagua kwanza miguu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Umekonda."

Yudith alimchinjia kuku mmoja. Alimpikia, akamnawisha, akamkaribisha, yote kwa adabu iliyomtisha Stanley kuliko matusi. Mlangoni mwa chumba cha kulala, mahali ambapo yeyote aliyekaa mezani angeliona, lilikuwepo begi la kijani limefungwa zipu.

Mama Penina alikula, akasifu mlenda wake mwenyewe, akanawa.

"Sasa," alisema. "Mimi sikuja kugombana. Yudith, wewe nakupenda, hujawahi kunijibu vibaya. Lakini mwanangu anazeeka. Tumetoa ng'ombe kumi na wawili, na sizungumzii ng'ombe, nazungumzia mtoto. Baba yenu mdogo ameshasema na watu. Binti yupo, ametulia, kwao wamezaa kama sungura. Wewe utabaki mkubwa wa nyumba. Hakuna anayekufukuza."

"Nimesikia, mama," Yudith alisema.

Alimtazama Stanley. Stanley alikuwa anachambua mfupa wa kuku uliokwisha nyama kitambo. Alikuwa akiona maneno mawili mbele yake, moja la kumtoa Yudith kafara na moja la kujitoa yeye, na kwa muda wa aibu aliotamani baadaye kuusahau, alitamani mtu mwingine amchagulie.

Yudith alisimama. Akaenda mlangoni, akanyanyua begi, akalitundika begani.

"Asante kwa kuku, mama. Mniombee safari njema."

"Ni mimi," Stanley alisema.

Mama yake aligeuka. "Ni wewe nini?"

"Mimi ndiye sizai. Yudith hana kitu." Aliuweka mfupa chini. "Nimepimwa Alhamisi. Mbegu zangu chache, na hizo chache zimelala. Daktari anasema inawezekana ni zile dawa za zabibu. Bomba linavuja, mama, miaka mitano linanivujia. Hata ukiniletea mabinti wote wa Mlali, watakunywa mizizi tu."

Kuku aliyebaki hai alilia huko nje. Mama Penina alimtazama mwanawe, akamtazama na mkwewe aliyesimama na begi.

"Wewe ulijua?"

"Niliikuta karatasi kwenye gambuti jana," Yudith alisema, na sasa ndipo machozi yalimjia, yeye ambaye hakulia hata mbele ya wale wanafunzi sita. "Nikairudisha. Nilitaka nione kama atasema mwenyewe, au ataniacha nipande gari."

Mama Penina alivuta kigoda, akakaa chini kabisa, kiwango cha watoto.

"Mwaka wa ile njaa," alianza. "Nilikuwa na mbuzi majike ishirini na tatu. Msimu mzima hakuna aliyeshika mimba. Unajua nilifanya nini? Nilimuuza beberu. Sikumgusa jike hata mmoja, wala sikuwanywesha kitu. Mtoto wa miaka saba anayechunga angefanya hivyo hivyo." Alikichukua kifurushi cha mizizi pale mezani, akakigeuzageuza. "Nikaja kwa mtoto wa watu, akili ile ile nikaiacha zizini. Miaka minne. Nisamehe, mwanangu."

Hakuwahi kumwita Yudith mwanangu. Yudith aliliteremsha begi polepole, na Stanley akalipokea kwa mikono yote miwili kama mtu anayepokea sakramenti.

"Na wewe," mama yake alimgeukia, upole umekwisha na ukali umerudi, "hilo bomba unalirudisha Jumatatu."

"Nitalirudisha."

"Nitakuwepo nikuone. Mtu anayeficha karatasi kwenye kiatu simwamini na bomba."

*

Kwa hiyo Jumatatu, saa tano kasoro, wafanyakazi wa shamba la zabibu walimwona Mwenyekiti anakuja bila ovaroli, bomba tupu mkononi, na nyuma yake mama mfupi aliyefunga khanga kiunoni na kusalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", kwa kila mstari wa mizabibu. Yudith alibaki langoni. Alisema yeye ameshaonyeshwa kwa watu vya kutosha.

Foleni ya maziwa ilikuwa imeshapangwa. Batholomeo alikuwa na ndoo na kata.

"Jino limepona?"

"Halikuwa jino, bosi." Stanley aliliweka bomba chini. Akawatazama wenzake wanne, na miguu ikataka kumgeuza, lakini mama yake alikuwa amesimama sawasawa na njia ya kutokea. "Nilipimwa uzazi. Sina mbegu za kutosha. Daktari anashuku hizi dawa, zinaingilia kwenye ngozi. Na maziwa hayasaidii kitu. Mimi ndiye niliyewaambia tuchague maziwa tukaacha glovu na mabomba. Niliwapoteza, ndugu zangu."

Mtu mmoja alicheka, kicheko kile cha kujitoa kwenye jambo. "Mwenyekiti, hilo ni lako bwana. Usituchanganye."

"Ngoja," alisema Mama Penina. Alipita mbele, akasimama karibu na ndoo. Aliwatazama wanaume wale mmoja mmoja, kwa jicho la kuhesabu mbuzi wanaporudi jioni. "Samahanini wanangu, mimi mshamba tu. Aliyepata mtoto tangu aanze kubeba hilo bomba anyooshe mkono."

Mkono mmoja ulipanda. Ulikuwa wa Castory, mkubwa wao wote, baba wa watoto watano. Alinyoosha kwa kujiamini, akawaangalia wenzake, akaanza kuhesabu kimoyomoyo huku midomo ikimtembea.

"Kitinda mimba wako ana miaka mingapi?" Mama Penina alimuuliza.

"Tisa."

"Na kazi hii?"

Castory aliushusha mkono. "Saba," alisema.

Hakuna aliyecheka tena. Batholomeo alikuwa ameinua kata imejaa, hajui ammiminie nani, akairudisha ndani ya ndoo. Huku na huku watu walitazama mabomba yao, na yule aliyecheka alijishika nyuma ya ovaroli, akautoa mkono, akautazama ulivyolowa.

Abdulwahab ndiye aliyetoka kwenye foleni kwanza. Alitua bomba lake, akalilaza pembeni ya lile la Stanley, akafuta mikono kwenye majani ya mzabibu, akakumbuka kwamba majani yenyewe yametoka kupigwa dawa, akaenda kwenye bomba la maji kunawa. Alinawa sana. Kisha akatoa simu.

"Rukia? Eeh, mimi. Hapana, sijaumia. Sikiliza, ile mizizi ya Mlali, umeshainywa ya leo?" Alisikiliza. Mama Penina, aliyekuwa hatua tatu tu kutoka kwake, aliinamisha kichwa. "Basi imwage. Yote, na sufuria uioshe. Nikirudi nitakuambia mwenyewe."